Jalada la Zabuni: Jinsi ya Kutunza Kumbukumbu Zinazobeba Ununuzi wa Umma

Zabuni ya umma huamuliwa mara mbili. Mara ya kwanza huamuliwa na kamati ya tathmini, wajumbe wakiwa mezani na nyaraka mbele yao. Mara ya pili huamuliwa na mtu ambaye hakuwepo: mkaguzi, mamlaka ya rufaa, jaji, au mzabuni aliyeshindwa na sasa anataka kuelezwa sababu. Huyu wa pili hana kingine cha kusoma ila jalada. Kamati ikijadili kwa haki kwa saa tano lakini muhtasari ukawa na mistari mitatu, kwake kikao hicho kilikuwa cha mistari mitatu.

Sheria kielelezo ya ununuzi wa umma ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa), toleo la 2011, imetenga kifungu kizima, cha 25, kwa ajili ya kumbukumbu za mwenendo wa ununuzi: nani walishiriki, kwa nini ilichaguliwa njia fulani ya ununuzi, bei zilikuwaje, tathmini ilifanywaje, malalamiko gani yaliletwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa 2003, katika kifungu cha 9, nao unazitaka nchi zilinde vitabu na hati za matumizi ya umma zisighushiwe. Sheria ya nchi yako huenda imeongeza mengine, na hiyo ndiyo ya kwanza kufuatwa. Yanayofuata hapa ni kazi ya mkono: kipi kiandikwe, lini, na nani, na kinachoharibika kisipoandikwa.

Jalada lifunguliwe siku ya ombi, si siku ya tangazo

Kosa linaloonekana sana ni kufungua jalada zabuni inapotangazwa. Kufikia hapo maamuzi mazito yameshapita: mahitaji yameamuliwa, vipimo vimetungwa, makadirio yamewekwa, njia ya ununuzi imechaguliwa. Karatasi za maamuzi hayo hubaki kwenye droo za idara zilizoomba, na mkaguzi akija zinatafutwa kwa simu.

Fungua jalada siku ombi la ununuzi linapofika kwenye kitengo cha ununuzi. Lipe namba moja ambayo haitabadilika hadi mkataba ufungwe, yenye kifupi cha taasisi, aina ya ununuzi (vifaa, kazi za ujenzi, ushauri, huduma nyingine), mwaka, na namba ya mfululizo. Namba hiyohiyo ionekane kwenye tangazo, kwenye muhtasari, kwenye barua zote, kwenye mkataba na kwenye hati ya malipo. Zabuni moja ikiwa na namba mbili, karatasi zake zitagawanyika nusu kwa nusu, na kila nusu ikisomwa peke yake itaonekana ina kasoro.

Kila karatasi inayoingia ipewe namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, kwenye kona ya juu kulia, kwa wino, na iandikwe kwenye orodha iliyobandikwa ndani ya ganda la mbele: namba ya folio, tarehe ya waraka, tarehe ulipoingia jaladani, kichwa chake kwa maneno machache, idadi ya kurasa. Tarehe hizo mbili si kitu kimoja. Barua iliyoandikwa tarehe 4 na kupokelewa tarehe 11 inaweza kubadili kabisa nani alichelewa. Jalada likifikia unene wa vidole vitatu hivi, lifunge, liandike juu yake kuwa limefungwa kwenye folio fulani, kisha fungua juzuu la pili. Majalada manene hukatika kamba, na karatasi zinazodondoka ni za mwisho, yaani zile za mkataba na malipo.

Masijala iwe na rejesta ya mwenendo wa majalada: limechukuliwa na nani, lini, limerudi lini, likiwa na folio ngapi. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha. Bila hiyo, jalada likitoka na folio 86 na kurudi na 84, hakuna atakayejua zilipotelea kwa nani.

Zabuni zenyewe, zile bahasha na vitabu vya wazabuni, hazikai ndani ya jalada kwa sababu ni nyingi. Zifungiwe kwenye chumba au kabati lenye funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili, na ndani ya jalada pawekwe karatasi inayotaja kila nakala ilipo.

Kumbukumbu za zamani ndizo zinazotunga zabuni mpya

Kabla ya tangazo jalada linapaswa kuwa na vitu sita: ombi lililosainiwa, uthibitisho kwamba fedha zipo na kifungu chake cha bajeti, makadirio ya gharama, vipimo au hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) vyenye jina la aliyevitunga, sababu ya kuchagua njia ya ununuzi, na idhini ya mwenye mamlaka. Kati ya hivyo, makadirio ndiyo hubebwa kizembe zaidi.

Makadirio yasiyoonyesha chanzo chake hayana kazi. Bei za wazabuni zikija juu ya makadirio kwa theluthi, hutaweza kusema kama wazabuni wamepandisha bei kwa kupatana au makadirio yalikuwa ya kubuni. Andika pembeni ya kila kipengele: bei imetoka mkataba namba fulani wa mwaka fulani, au kwenye ankara fulani, au kwa uchunguzi wa soko uliofanywa tarehe fulani kwa wauzaji watatu, na umeongeza kiasi gani kwa ajili ya mabadiliko ya bei.

Idadi ya vitu nayo itoke kwenye leja ya stoo, na leja isomwe kwa jicho. Tuseme leja inaonyesha katika miezi 12 vilitolewa vipande 960, vilivyobaki ni 140, na vilivyoagizwa lakini havijafika ni 100. Mtu wa haraka atagawanya 960 kwa 12 na kupata 80 kwa mwezi. Ataongeza akiba ya miezi miwili, 160, na kupata 1,120. Ataondoa 240 zilizopo na zinazokuja, na kuomba 880. Lakini leja hiyohiyo ikionyesha kwamba kwa miezi miwili stoo ilikuwa tupu, basi vipande 960 vilitumika kwa miezi 10. Matumizi halisi ni 96 kwa mwezi. Mwaka ni 1,152, akiba ni 192, jumla 1,344, na baada ya kuondoa 240 inabaki 1,104. Tofauti ni vipande 224, na ndivyo vitakavyonunuliwa baadaye kwa dharura, bila ushindani, kwa bei ya juu. Karani wa stoo asipoandika siku ambazo rafu ilikuwa tupu, hasara hiyo huanzia kwake bila yeye kujua.

Kuna jambo lingine linaloonekana kwenye rejesta tu: kugawanya ununuzi ili kukwepa ushindani. Maombi manne madogo ya kitu kilekile, kila moja chini ya kiwango kinacholazimisha zabuni ya wazi, yakisomwa moja moja hayana tatizo. Yakiandikwa kwenye rejesta moja ya maombi ya mwaka, yenye safu ya aina ya bidhaa na safu ya idara, yanajipanga yenyewe. Kitengo kiipitie rejesta hiyo kila mwezi kabla ya kupokea maombi mapya.

Kutoka tangazo hadi saa ya kufunga

Hifadhi tangazo jinsi lilivyotoka: ukurasa wa gazeti wenye tarehe, au chapa ya ukurasa wa mtandao inayoonyesha siku na saa lilipowekwa. Rasimu iliyotumwa kwa mchapishaji haitoshi, kwa kuwa tarehe ya mwisho wakati mwingine hukosewa kwenye uchapaji, na muda wa wazabuni kujiandaa huhesabiwa kutoka tangazo halisi.

Weka rejesta ya waliochukua nyaraka za zabuni, pamoja na anwani na barua pepe ya kila mmoja, maana nyongeza zote, yaani mabadiliko ya nyaraka hizo, zitafuata orodha hiyo. Swali likiulizwa, lipewe namba na tarehe, lijibiwe kwa maandishi, na jibu liende kwa wote bila kutaja aliyeuliza. Kila nyongeza ya nyaraka iwe na namba ya mfululizo na ushahidi wa kutumwa kwa kila aliyeorodheshwa. Mzabuni mmoja akikosa nyongeza namba 2 iliyobadili kiasi kutoka mita 400 hadi mita 600, bei yake ni ya kazi nyingine. Hapo kulinganisha bei kumekufa, na tathmini yoyote itakayofuata inabishiwa.

Majibu ya simu ndiyo hatari kubwa ya hatua hii. Afisa hujibu kwa wema, mzabuni mmoja akapata maelezo ambayo wenzake hawana, na hakuna karatasi. Ukipigiwa, mwombe aandike, kisha weka kwenye jalada dokezo fupi la tarehe, saa na jibu ulilompa, hata kama jibu lilikuwa "tuandikie".

Kupokea na kufungua

Rejesta ya mapokezi iwe na safu hizi: namba ya mfululizo, jina la mzabuni, tarehe, saa na dakika, jina na saini ya aliyeleta, saini ya aliyepokea, na hali ya bahasha. Bahasha iliyochanika kidogo iandikwe palepale mbele ya aliyeileta. Ikiandikwa kesho, itaonekana imechanwa ofisini.

Saa ziandikwe kwa namna isiyo na tafsiri mbili. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu: "saa 10:00" kwa mmoja ni alasiri, kwa mwingine anayesoma kompyuta ni saa nne asubuhi, na kati yake kuna saa sita. Nyaraka za zabuni ziseme "saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 kwa mfumo wa saa 24", na rejesta itumie mfumo huohuo mmoja. Taja pia ni saa ipi inayohesabika: ya ukutani kwenye chumba cha mapokezi, au ya seva kama zabuni ni za kielektroniki.

Muda ukifika, piga mstari chini ya zabuni ya mwisho, andika saa, weka saini za watu wawili. Zilizochelewa ziandikwe chini ya mstari huo na zirudishwe bila kufunguliwa, kwa barua. Mstari huu mdogo ndio unaozuia jina kuongezwa baadaye.

Kwenye ufunguzi, zisomwe kwanza taarifa za wanaojitoa, halafu zabuni zinazochukua nafasi ya zile zilizokwisha kuwasilishwa, halafu marekebisho, ndipo zabuni zenyewe. Kwa kila moja andika: jina, bei, sarafu, punguzo kama lipo, dhamana ya zabuni (ahadi ya fedha kwamba mzabuni hatajitoa) kwa aina na kiasi, idadi ya kurasa, na zabuni mbadala kama iliruhusiwa. Punguzo lisilosomwa na kuandikwa hapa lisitumike kwenye tathmini. Kulikubali baadaye ni kumruhusu mtu abadilishe bei akiwa ameshazijua za wenzake. Wajumbe waweke saini fupi kwenye kila ukurasa wa jedwali la bei na fomu ya zabuni, na wazungushie kila palipofutwa au kuandikwa juu. Hakuna zabuni inayokataliwa kwenye ufunguzi isipokuwa iliyochelewa. Muhtasari na karatasi ya mahudhurio visainiwe kabla watu hawajatawanyika, na nakala ipatikane kwa wazabuni wote.

Tathmini: hapa ndipo majalada mengi hufia

Kabla mjumbe hajagusa zabuni hata moja, asaini tamko la kutokuwa na mgongano wa maslahi, akiwa na orodha ya majina ya wazabuni mbele yake. Tamko lililosainiwa kabla ya majina kujulikana halisemi kitu, na lililosainiwa baada ya ripoti halimlindi mtu.

Kila mjumbe ajaze fomu yake peke yake kwa wino kabla ya kikao cha pamoja. Fomu hizo zote ziingie kwenye jalada, si ripoti ya mwisho tu. Alama zikibadilika baada ya majadiliano, zile za kwanza zikatwe kwa mstari mmoja ili zisomeke, mpya ziandikwe pembeni pamoja na saini fupi na sababu. Kubadilisha mawazo baada ya kumsikia mwenzako si kosa. Kosa ni kuchapa fomu upya ili ionekane wote walikubaliana tangu mwanzo. Wajumbe watano wenye alama zinazolingana hadi nukta ya mwisho kwa kila kipengele humfanya mkaguzi asimame.

Sasa maelezo. Alama bila sentensi ni deni. Kila uamuzi wa kumwondoa mzabuni au kumpunguzia alama uwe na vipande vitatu: nyaraka zinataka nini na kwenye kifungu kipi, zabuni ina nini na kwenye ukurasa upi, na hitimisho. Linganisha maandishi haya mawili:

"Hana uzoefu wa kutosha."

"Kifungu 12.3 kinataka mikataba miwili ya aina hii iliyokamilika ndani ya miaka 5. Ukurasa 47 una mkataba mmoja unaokidhi. Ukurasa 51 una mkataba uliokamilika miaka 7 iliyopita. Ametimiza mmoja kati ya miwili; hajakidhi."

La kwanza likipelekwa kwenye rufaa, mzabuni ataleta vyeti kumi na taasisi itabaki ikijitetea kwa maneno. La pili linajibu kabla halijaulizwa. Lina faida nyingine ambayo watu huisahau: mjumbe anayelazimika kuandika namba ya kifungu hugundua mapema kwamba kigezo anachokitumia hakimo kwenye nyaraka za zabuni. Vigezo vingi vya kificho huingia hivyo, bila nia mbaya, kwa mazoea ya mjumbe.

Masahihisho ya hesabu nayo yana mwenendo wake. Mzabuni ameandika vipande 250 kwa bei ya 1,840 kila kimoja, na jumla ya 406,000. Jumla sahihi ni 460,000, tarakimu zimepishana. Nyaraka nyingi za zabuni husema bei ya kipande kimoja ndiyo inayosimama. Weka jedwali la masahihisho lenye jumla ya awali, kosa, jumla iliyosahihishwa na kanuni iliyotumika, kisha mjulishe mzabuni kwa maandishi na uhifadhi jibu lake. Usisahihishe kwa kalamu juu ya jedwali lake la bei. Nakala halisi isiguswe kamwe.

Maombi ya ufafanuzi yapewe namba, yahusu kilichomo kwenye zabuni, na yasifungue mlango wa kubadili bei wala kuongeza sifa ambayo haikuwepo. Jalada lionyeshe swali, tarehe ya kutumwa, muda uliotolewa, jibu, na ripoti ieleze jibu hilo lilitumikaje. Swali lililoulizwa na jibu lake kutotajwa popote huleta shaka kubwa kuliko swali ambalo halikuulizwa.

Halafu tarehe. Zabuni zilizofungwa tarehe 3 Machi zikiwa na uhalali (muda ambao mzabuni anafungwa na bei yake) wa siku 90 huisha tarehe 1 Juni. Dhamana ya zabuni inayotakiwa kuendelea siku 28 baada ya hapo huisha tarehe 29 Juni. Andika tarehe hizi mbili kwenye ganda la jalada kwa herufi kubwa siku ileile ya ufunguzi, na weka ukumbusho siku 30 kabla. Tathmini ikichelewa, ombi la kuongeza muda lipelekwe kwa wazabuni wote kwa maandishi kabla uhalali haujaisha. Anayekataa aruhusiwe kuondoka na dhamana yake. Uhalali ukishapita kimyakimya, mshindi hafungwi tena na bei yake. Anaweza kuikataa tuzo, yaani kukataa kupewa mkataba, na kazi ya miezi mitatu inaanza upya kwa sababu hakuna aliyeangalia kalenda.

Barua za matokeo na malalamiko

Sababu anazopewa mzabuni aliyeshindwa zinakiliwe kutoka kwenye ripoti ya tathmini, neno kwa neno ikiwezekana. Barua ikiandikwa na mtu mwingine kwa lugha laini, sababu mbili tofauti za kushindwa kwa mtu mmoja hukaa kwenye jalada moja, na huo ni ushahidi wa bure kwa mlalamikaji.

Kati ya taarifa ya kusudio la kutoa tuzo na kusaini mkataba huwa kuna muda wa kusubiri. Benki ya Dunia katika miradi inayoifadhili hutumia siku 10 za kazi. Katika Umoja wa Ulaya ni angalau siku 10 pale taarifa inapotumwa kwa njia ya kielektroniki. Popote ulipo, siku hizo huhesabiwa kutokana na ushahidi wa kutumwa au kupokelewa. Kwa hiyo barua kumi zilizotumwa siku tatu tofauti zina miisho mitatu tofauti. Zitume zote siku moja.

Lalamiko likifika, ligongwe muhuri wenye tarehe na saa dakika hiyo, maana muda wa kujibu umeshaanza kwenda. Taasisi yenye jalada la folio zilizopangwa hutoa nakala kamili kwa mamlaka ya rufaa siku hiyohiyo. Isiyo nalo huomba kuongezewa muda, na hapo shaka inaanza.

Mkataba ukishasainiwa, jalada halijafungwa

Kitengo cha ununuzi mara nyingi hulipeleka jalada kabatini mkataba unaposainiwa, na mambo yote ya baadaye hubaki kwa mhandisi, stoo na uhasibu, kila mmoja na faili lake. Hili linaumiza zabuni zijazo kuliko watu wanavyodhani. Tarehe halisi za kufikisha mali, idadi iliyokataliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, kasoro zilizojitokeza, siku za kuchelewa na fidia iliyokatwa: hivi ndivyo vinavyokuwezesha mwaka ujao kuweka muda wa kufikisha unaotekelezeka na kumpima mzabuni kwa utendaji wake wa nyuma.

Kumpima kunahitaji karatasi. "Alituangusha mwaka jana" si sababu ya kumwondoa mtu ikiwa hakuna barua ya onyo iliyopokelewa, wala ripoti ya ukaguzi yenye saini yake au ya mwakilishi wake, wala uthibitisho kwamba nyaraka za zabuni ziliruhusu utendaji wa nyuma kuwa kigezo. Taasisi nyingi hulazimika kumpa kazi mkandarasi mbovu mara ya pili kwa sababu ubovu wake wa kwanza haukuandikwa.

Mabadiliko ya mkataba yawe na rejesta yenye safu ya jumla inayoendelea. Ongezeko la asilimia 4, kisha 6, kisha 5, kila moja likiidhinishwa peke yake huonekana dogo. Pamoja ni asilimia 15 ya bei ya awali, na huenda limevuka ukomo wa sheria au limempa mshindi bei ambayo ingemfanya ashindwe. Safu ya jumla ndiyo inayomwonyesha mwidhinishaji anapoweka saini ya tatu.

Upande wa mzabuni

Mzabuni naye hupoteza kazi kwa kumbukumbu kabla hajashindwa kwa bei. Awe na orodha moja ya hati zake za kudumu (usajili, leseni, uthibitisho wa kodi, hesabu zilizokaguliwa, nguvu ya uwakili ya anayesaini) yenye tarehe ya kuisha kwa kila moja, na aianze kuihuisha siku 60 kabla. Jina la kampuni lisomeke sawa kwenye hati zote. Neno moja lililofupishwa kwenye dhamana ya benki limewahi kutosha kumtoa mtu. Dhamana ihesabiwe kwa siku, si kwa miezi: benki ikiandika "miezi mitatu" na nyaraka zikataka siku 120, imeshindikana.

Kwa kila mkataba uliokamilika, aombe cheti cha ukamilishaji wiki ileile ya makabidhiano, chenye thamani, tarehe na aina ya kazi. Akisubiri miaka mitatu, aliyesimamia amehama na hakuna wa kusaini. Na abaki na nakala kamili ya zabuni aliyowasilisha, kurasa zikiwa na namba, pamoja na risiti ya mapokezi. Anayekata rufaa bila nakala ya kile alichowasilisha anapigana akiwa amefumba macho.

Barua pepe, simu na mifumo ya kielektroniki

Mfumo wa zabuni wa kielektroniki hutunza vizuri nani aliingia, saa ngapi, na alipakia nini. Hautunzi sababu mpaka mtu aziandike. Tathmini ya kubofya "hajakidhi" ina upungufu uleule wa fomu ya karatasi iliyoandikwa "hana uzoefu".

Barua pepe kuhusu zabuni ni kumbukumbu rasmi. Itoke na kuingia kwenye anwani ya kitengo, si ya mtu binafsi, kwa sababu mtu huhama na nenosiri lake. Makundi ya ujumbe wa simu yasitumike kuamua chochote. Yakitumika kwa dharura, uamuzi uhamishiwe kwenye dokezo lenye saini siku ileile. Majina ya mafaili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya zabuni, aina ya waraka na toleo: 2025-03-14, namba, ripoti ya tathmini, toleo 2. Faili linaloitwa "mwisho kabisa mpya" halimwambii mtu kitu. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo, na kila miezi mitatu fungua chache uone kama zinasomeka. Risiti za karatasi ya joto zinakiliwe mara moja. Baada ya muda huwa nyeupe.

Muda wa kutunza

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ununuzi wa serikali, kwa nchi zilizojiunga nao, unataka nyaraka zitunzwe angalau miaka 3 tangu mkataba utolewe. Sheria za nchi nyingi huenda mbele zaidi. Ushauri wetu ni kuanza kuhesabu siku mkataba unapofungwa kabisa, baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro na malipo ya mwisho, kwani mkataba wa ujenzi wa miaka minne utakuwa hai bado miaka 3 tangu tuzo ikipita. Pakiwa na rufaa, ukaguzi au kesi, hakuna karatasi inayoteketezwa hata kama muda umepita. Kuteketeza kwenyewe kuwe na orodha, idhini na saini za mashahidi.

Usiri nao ni sehemu ya utunzaji. Wakati wa tathmini, jalada lisomwe na wajumbe na waidhinishaji peke yao. Baada ya tuzo, bei na sababu zinaweza kutolewa, lakini michoro, mbinu za kiufundi na mchanganuo wa gharama za mzabuni haviwi mali ya washindani wake.

Kujipima, na kuanza pale palipoharibika

Kila robo mwaka chagua bila kupanga zabuni moja iliyokamilika, umpe mtu ambaye hakuhusika, na umpe nusu saa. Aseme kutokana na jalada tu: makadirio yalitoka wapi, nani walipata nyongeza zote, zabuni ya mwisho ilipokelewa saa ngapi, kwa nini kila aliyeondolewa aliondolewa, uhalali uliisha lini, mkataba umeongezeka kwa kiasi gani, na mali ilipokelewa kwa idadi gani. Swali linalomshinda ndilo la kushughulikiwa robo inayofuata.

Kama ofisi nzima iko vibaya, usianze na majalada ya zamani. Anza na zabuni zilizo wazi leo, halafu mikataba inayoendelea, mwisho zilizofungwa. Na ukikuta waraka haupo, muhtasari haukusainiwa au tamko halikujazwa, usitengeneze mpya wenye tarehe ya nyuma. Hapo upungufu unageuka kughushi, na watu wasio na hatia huingia matatani. Weka kwenye nafasi ya folio hiyo karatasi inayosema waraka gani haukupatikana, umetafutwa wapi na kwa nani, na kinachokumbukwa juu yake na kwa chanzo gani. Isaini, na uiandikie tarehe ya leo.